Hitima Hailipi Deni

Kila msiba ulipoingia nyumbani kwetu, marehemu bibi alikuwa na swali moja kabla ya hitima kupangwa: marehemu anadaiwa nini, naye anamdai nani? Akituambia kuwa haki ya marehemu iliyo mikononi mwa watu haizikwi naye. Huwa ni ya warithi wake. Nililikumbuka swali hilo niliposoma habari za nishani ya dhahabu ambayo Kongresi, bunge la Marekani, iliwatunukia waandamanaji wa Selma.

Tarehe 7 Machi 1965, watu wapatao 600 walivuka daraja la Edmund Pettus huko Selma, Alabama, wakielekea Montgomery, makao makuu ya jimbo, kudai haki ya watu weusi kupiga kura. Hawakuwa na silaha. Askari waliwapokea kwa virungu na mabomu ya machozi. John Lewis, kijana wa miaka 25, alivunjwa fuvu; Amelia Boynton alipigwa hata akazirai. Hawakujibu pigo kwa pigo. Miezi mitano baadaye, Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilitiwa saini.

Siidharau nishani. Sheria ya mwaka 2015 iliyoiagiza haikuwaenzi viongozi peke yao, bali kila aliyeshiriki maandamano yale. Nami niliyeiandika shajara ya ukoo wetu, ambamo majina ya wanawake wengi yamepotea, naijua thamani ya kukumbukwa kwa asiye na cheo.

Lakini tuzitazame tarehe. Juni 2013, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha kanuni iliyoainisha majimbo ambayo, kwa historia yao ya ubaguzi, yalilazimika kupata kibali cha serikali kuu kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi. Mahakama ilikiri kwamba Kongresi ingeweza kutunga kanuni nyingine. Miaka miwili baadaye Kongresi ilitunga sheria ya nishani, kanuni haikuitunga. Amelia Boynton alifariki Agosti 2015, nishani ikakabidhiwa Februari 2016. Lewis naye alifariki mwaka 2020. Mswada uliopewa jina lake, wa kuirejesha kinga ile, ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2021, ukakwama katika Seneti.

Ndipo ninaposema kuwa nishani ilipita kwa wepesi kwa sababu haikumgharimu mbunge yeyote kiti chake. Kinga ya kura ndiyo yenye gharama, na ndiyo waliyoidai watu wa Selma.

Hitima na isomwe, dua na iitikiwe. Hata hivyo dawa ya deni ni kulipa, na warithi wapo hai. Bunge linalowavisha wazee dhahabu na kuwaacha wajukuu wao bila kinga limekuja hitimani hali amana ya marehemu ingali mfukoni mwake.