Taa Tatu Nyekundu

Wahenga walinena kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Neno hilo halikunenwa kwa ajili ya walaji peke yao. Lawahusu pia waundaji wa mitambo, wenye viwanda wanaoshindana kuwahi soko, na baba na mama wa nyumba ambao hutenga sehemu ya mshahara ili kuwanunulia watoto kifaa cha kuwaburudisha jioni. Kifaa kikiharibika kabla ya wakati wake, hasara haimwangukii mwenye kiwanda kwanza. Humwangukia yule aliyetoa fedha zake dukani.

Askari wanaelewa jambo hili kuliko wengi. Kwa miaka mingi, katika duka la kampuni ya Nintendo mjini New York, wageni walionyeshwa mashine ndogo ya michezo iitwayo Game Boy, mali ya askari wa Marekani, iliyounguzwa na moto wakati wa Vita vya Ghuba. Ganda lake la plastiki lilikuwa limeyeyuka na kubabuka hata sura yake ya asili ikapotea. Hata hivyo ilipopewa umeme, iliwaka na kuchezeka.

Mashine hiyo ilitoka mwaka 1989. Gunpei Yokoi na wenzake walioiunda hawakutafuta vipuri vipya kuliko vyote. Yokoi alikuwa na imani kwamba kipuri kilichozoeleka, ambacho bei yake imeshuka na tabia yake inajulikana, chaweza kutumiwa kwa njia mpya. Kwa hiyo kioo chake hakikuwa na rangi, nayo ilitumia betri nne ndogo tu. Wapinzani wake walikuja na vioo vya rangi za kupendeza. Mmoja wao, Game Gear ya kampuni ya Sega, ilikula betri sita kwa muda wa saa chache, na mwenye nayo akarudi dukani kununua nyingine. Sokoni ilishinda ile iliyoonekana duni. Game Boy, pamoja na ndugu yake ya rangi iliyofuata mwaka 1998, iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Mbio za kuwahi soko

Sasa na itazamwe mashine nyingine, iliyotoka kwa tajiri mkubwa zaidi. Tarehe 22 Novemba 2005, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilianza kuuza Xbox 360. Mashine yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa imelaumiwa kwa ukubwa na uzito wake, tena ilikuwa imechelewa nyuma ya PlayStation 2 ya kampuni ya Sony. Safari hii Microsoft iliazimia kutangulia. Ikatangulia kweli: PlayStation 3 na Wii hazikuonekana hadi Novemba 2006, mwaka mzima baadaye. Bei yake ilikuwa dola 299 kwa ile isiyo na vikorombwezo na dola 399 kwa ile iliyokamilika.

Umbo lake lilipendeza macho. Lilikuwa jembamba, limebonyea kiunoni kama mtu anayevuta pumzi. Lakini ndani ya kiuno hicho mliwekwa ubongo wenye nguvu kubwa: chipu ya hesabu iliyotengenezwa pamoja na IBM, na chipu ya picha iliyobuniwa na kampuni ya ATI. Chipu za namna hiyo hutoa joto jingi. Kifaa cha kupokea umeme hakikupata hata nafasi ndani ya sanduku. Kilitolewa nje, kikawa kizito kama tofali, chenye feni yake chenyewe.

Kosa kubwa la mpangilio lilikuwa hapa. Kifaa cha kuzungusha santuri za DVD kiliwekwa juu ya chipu ya picha. Kwa sababu hiyo bamba la chuma linalonyonya joto la chipu hiyo lilibidi liwe fupi na la chini, ilhali bamba la chipu ya pili lilipata nafasi ya kusimama. Chipu iliyohitaji hewa ikafunikwa dari. Mwenye nyumba anayejenga jiko bila dirisha ili ukuta wa mbele upendeze hatashangaa moshi ukimtoa machozi, na katika sanduku hili joto lilikuwa ndilo moshi.

Joto na msumari

Kila aliyelala chini ya paa la bati anajua sauti inayosikika jua linapotua. Bati lililotanuka mchana hunywea jioni, nalo hulia. Mbao iliyo chini yake haitanuki wala kunywea kwa kiasi kilekile. Baina ya bati na mbao umo msumari, na msumari huo huvutwa huku na huku kila siku. Siku moja haudhuriki. Baada ya misimu kadhaa hulegea, na mvua huingia kwa tundu lake.

Ndivyo ilivyokuwa ndani ya mashine. Chipu huunganishwa na ubao wake kwa vijidonge vidogo mno vya lehemu. Chipu inatanuka kwa kiasi chake, ubao kwa kiasi chake, na kijidonge kilicho katikati ndicho kinachobeba ugomvi wao. Mashine ikiwashwa, joto hupanda. Ikizimwa, joto hushuka. Mtoto akicheza baada ya shule, akazima wakati wa kula, akawasha tena usiku, msumari umevutwa mara mbili.

Wakati huohuo viwanda vya dunia vilikuwa vikiacha lehemu ya zamani iliyochanganywa bati na madini ya risasi. Risasi ni sumu kwa binadamu, na sheria ya nchi za Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2006 iliizuia katika vifaa vingi vya umeme. Sababu ya sheria ilikuwa njema. Lakini lehemu mpya ilikuwa na tabia nyingine: huyeyuka kwenye joto la nyuzi 217 hivi, ilhali ile ya zamani huyeyuka kwa 183, tena ni ngumu zaidi, haikunjamani kwa urahisi inapovutwa. Kiwanda kinachobadili udongo wa matofali hupaswa kwanza kuona ukuta wa majaribio ukipita msimu wa mvua. Mwenye haraka hangoji msimu.

Dalili ya ugonjwa ilionekana kwenye duara la taa lililozunguka kitufe cha kuwashia. Duara hilo liligawanywa sehemu nne, na mashine yenye afya ilionyesha kijani. Robo tatu zilipomweka kwa rangi nyekundu, maana yake ilikuwa kwamba kitu cha ndani kimevunjika. Wenye mashine wakazijua taa hizo kama askari anavyoijua ishara ya hatari. Wengine, kwa kukata tamaa, waliifunga mashine kwa mataulo na kuiwasha ili ipate joto kali, wakitumaini kwamba viungo vitashikana tena. Mara nyingine ilifufuka kwa siku chache, kisha ikafa vibaya zaidi. Kumfunika blanketi mgonjwa wa homa kali hakukuwa dawa.

Deni lililolipwa baadaye

Kwa miezi mingi jibu la kampuni lilikuwa kwamba idadi ya mashine mbovu haikuzidi kawaida ya viwanda vya aina hiyo. Dhamana ya awali kwa wanunuzi wa Marekani ilikuwa siku 90 tu, ikaongezwa kuwa mwaka mmoja Desemba 2006. Hatimaye, Julai 2007, Microsoft ilikiri. Ilitangaza dhamana ya miaka mitatu kwa kila mashine itakayoonyesha taa tatu nyekundu, ikaahidi kuwarudishia fedha wale waliokwisha kulipia matengenezo ya ubovu huo, na ikatenga kati ya dola milioni 1,050 na milioni 1,150 kwa kazi hiyo. Mwaka 2009 kampuni ya SquareTrade, iliyokuwa ikiuza bima za vifaa, ilichunguza mashine ilizozikinga, ikakuta kwamba Xbox 360 zilizoharibika ndani ya miaka miwili zilikuwa asilimia 23.7. Kwa PlayStation 3 ilikuwa asilimia 10, na kwa Wii asilimia 2.7.

Mwaka 2021, katika filamu ya historia iliyotolewa na Microsoft yenyewe, Todd Holmdahl, aliyekuwa mkuu wa wahandisi wa vifaa hivyo, alieleza kwamba viunganishi vilikuwa vikikatika ndani ya vipuri kwa sababu ya kupanda na kushuka kwa joto watu walipowasha na kuzima mashine zao. Yaani kilichoiua mashine ni matumizi ya kawaida kabisa. Mteja hakuwa amekosea lolote.

Tena halikuwa lalamiko pekee. Wanunuzi walidai kwamba santuri zao zilikwaruzwa mashine iliposogezwa kidogo tu wakati santuri ikizunguka. Shauri hilo lilivutwa miaka mingi hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 2017 iliipa Microsoft ushindi kwa hoja ya utaratibu wa rufaa. Haikuamua kama santuri zilikwaruzwa au la.

Haki yataka kusemwa pia mema. Kampuni iliendelea kuirekebisha mashine kimyakimya, ikapunguza ukubwa wa chipu ili zitoe joto kidogo, na mwaka 2010 ikatoa umbo jipya ambamo ubongo wa hesabu na wa picha viliunganishwa katika chipu moja. Xbox 360 iliuzwa zaidi ya milioni 80 kabla haijaachwa kutengenezwa mwaka 2016. Wako wanaosema kwamba kuwahi soko kulilipa, na kwamba zile dola milioni elfu moja na zaidi zilikuwa nauli ya safari hiyo. Huenda kwa hesabu za tajiri ni kweli. Tajiri wa namna hiyo aweza kulipa deni na akabaki amesimama. Familia iliyonunua mashine moja kwa akiba ya miezi haina mashine ya pili, na miezi ya kungoja matengenezo hairudishwi na mtu.

Wala pasiwepo anayedhani kwamba jina la kampuni ni kinga. Nintendo ileile iliyounda Game Boy isiyokufa kwa moto, ilitoa Switch mwaka 2017, na vijiti vya kuongozea mchezo vikaanza kwenda vyenyewe bila kuguswa, kwa maelfu ya wateja. Mwaka 2019 ilitoa Switch Lite ambayo vijiti vyake havibanduki kwenye mwili wake, hivyo ugonjwa wa kijiti ukawa ugonjwa wa mashine nzima. Juni 2020 rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, aliwaomba radhi wateja.

Ya kuzingatia nyumbani

Askari hapewi bunduki ambayo haijajaribiwa kwa vumbi, matope na mvua. Kifaa hakipimwi siku ya gwaride, kwa maana siku hiyo kila kitu hung'aa. Hupimwa mwendoni. Mama wa nyumba na baba wa nyumba wana haki ya kutumia kipimo hichohicho.

Kwanza, si vyema kukimbilia mashine mpya katika mwaka wake wa kwanza. Wanaosubiri hununua ile iliyokwisha kurekebishwa, na mara nyingi kwa bei nafuu. Pili, anayenunua mashine iliyotumika aombe iwashwe na kuchezwa mbele yake kwa nusu saa au zaidi, kwani maradhi ya joto hayajitokezi katika dakika mbili. Tatu, stakabadhi na karatasi ya dhamana vihifadhiwe pamoja na vyeti vya nyumba. 

Nne, mashine iwekwe mahali penye hewa, isifungiwe kabatini, isifunikwe kitambaa cha mapambo inapowaka, wala isiwekwe juu ya zulia au godoro. Matundu yake yasafishwe vumbi kwa brashi laini, ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Santuri ikizunguka, mashine isisogezwe wala kuinuliwa. Watoto wafundishwe haya kama wanavyofundishwa kuziba mtungi wa maji.

Hata hivyo, uangalifu wa nyumbani hauwezi kuponya kosa la kiwandani. Waliopangusa mashine zao kila siku waliona taa tatu nyekundu sawasawa na waliozisahau vumbini. Kwa hiyo mnunuzi asione haya kurudi dukani, akiwa na karatasi zake mkononi, na kudai kilicho haki yake. Wale wa mwaka 2007 hawakupata miaka mitatu ya dhamana kwa kunyamaza. Waliipata kwa sababu waliandika, walipiga simu, na walirudisha mashine mbovu moja baada ya nyingine, mpaka mwenye kiwanda akakiri.