Chatu akigoma kula, mizani itangulie

Kila ifikapo majira ya baridi Ulaya na Marekani, watu wanaofuga chatu majumbani huingia katika hofu ileile. Nyoka aliyekuwa akimeza panya kila baada ya wiki mbili anakataa chakula, na mwezi mzima unapita. Wengi hukimbilia kununua dawa, taa mpya na panya wa aina nyingine. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure.

Anayesifika kwa mgomo huo ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, ambaye wafanyabiashara humwita chatu mpira kwa kuwa akiogopa hujikunja na kuficha kichwa. Ghana, Togo na Benin zimemuuza nje kwa miaka mingi, kwa vibali vya mkataba wa CITES ulioanza kutumika 1975. Huko kwao, miezi ya kiangazi kuelekea Machi ni msimu wa kupandana na kutaga. Dume hutafuta jike kuliko chakula, na jike hulalia mayai kwa takriban miezi miwili, kwa kawaida bila kula. Tabia hiyo haifutiki hata kwa chatu aliyezaliwa kizimbani ughaibuni.

Kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa jambo hili ni la ajabu, maana ng'ombe asipokula kwa siku mbili ni hasara. Lakini ng'ombe hutumia sehemu kubwa ya malisho kutunza joto la mwili. Chatu hupata joto kutoka nje, hivyo matumizi yake ni madogo mno. Chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula na akapungua kidogo tu.

Hata hivyo, si kila mgomo ni wa asili. Nyumba ikipoa, kizimba nacho hupoa. Chatu huyu anahitaji upande mmoja wenye nyuzi joto 31 hadi 33 za Selsiasi, na mwingine wenye nyuzi 25 hadi 27. Akikosa joto hawezi kumeng'enya chakula, na alichomeza hukitapika. Kwa hiyo kipimajoto na mizani ya jikoni vitangulie. Uzito ukishuka kwa zaidi ya asilimia 10, akitoa kamasi mdomoni, au akiwa bado kinda, apelekwe kwa daktari wa wanyama. Kumlisha kwa nguvu bila daktari kunaweza kumjeruhi, na kumwachia panya hai usiku kucha ni hatari, kwani panya humtafuna.

Tatizo kubwa zaidi liko sokoni. Muuzaji huhesabu faida siku moja, lakini mnyama huyu huweza kuishi miaka 20 hadi 30, na gharama ya kutokujua hubebwa na mnunuzi. Aliyekamatwa porini huwa mgumu kuzoea chakula cha kizimbani kuliko aliyezaliwa humo, ilhali dukani wawili hao hufanana.

Dawa ya hali hiyo ni kumbukumbu. Kila chatu anayeuzwa apewe kadi inayoonyesha alikozaliwa, uzito wake na tarehe alizokula. Kadi ianzie kwenye mashamba ya Togo na Benin, ambako mayai ya majike waliokamatwa porini huanguliwa. Mnunuzi makini wa mtamba huuliza kumbukumbu za maziwa ya mama yake, wala haoni aibu.

Wapo watakaosema kadi itapandisha bei. Huenda ikapanda kidogo, lakini muuzaji mwaminifu atapata sababu ya kulipwa zaidi ya mlanguzi, na mnunuzi atajua kama anachokiona Januari ni mfungo wa kila mwaka au ni ugonjwa. Asiye na kadi hiyo asinunuliwe nyoka wake.