Dipoziti Yako Si Sadaka

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja hapa Embu, mhubiri alitumia karibu nusu ya mahubiri kuwakemea waumini wanaopelekana kortini. Alisoma waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 6, kisha akaongeza yake: korti ni ya matajiri, kesi huchukua miaka kumi, na pesa inayopatikana kwa kushtaki huja na laana. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia, na hasira ile haijanitoka.

Mpwa wangu alikuwa ameketi benchi la mbele yangu, ameinamisha kichwa. Alikuwa amelipia nyumba ya BnB kule Makutano, Meru, ili wazee na akina mama wetu wapate pa kulala kabla ya ruracio, sherehe ya kupeleka mahari. Alituma shilingi 18,000 kwa M-Pesa, kodi ya siku mbili pamoja na dipoziti. Tulipofika usiku, mtunza nyumba alifungua geti kidogo tu akasema ndani kuna wageni wengine. Taa zinawaka, mtu anakaanga vitunguu. Shangazi yangu, mwenye miaka sabini na kitu, alisimama barabarani kwenye baridi ya Meru, amekumbatia kibuyu cha uji ambacho hakutaka kukiweka chini. Mwenye nyumba alipopigiwa simu alijibu kwamba dipoziti hairudishwi, akakata. Tangu hapo hapokei.

Na huyu ndiye mtu ambaye mhubiri anataka tumwachie Mungu!

Korti ya madai kama haya ipo: Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilipitishwa mwaka 2016. Kiwango cha juu cha dai kilikuwa shilingi 200,000. Mwaka 2020 kikapandishwa hadi milioni moja. Mahakama ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021, kisha zikaenea katika kaunti, Meru ikiwemo. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Siku sitini, si miaka kumi. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili, na mwamuzi hafungwi na zile kanuni ngumu za ushahidi zinazowatisha watu. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha jina, saa na kiasi. Mazungumzo ya WhatsApp yanaonyesha ahadi. Ni ushahidi gani zaidi anaohitaji mtu aliyelipia nyumba akaikuta na wengine? Anayezungumzia miaka kumi anakumbuka kesi ya shamba la babu yake, na mahakama hii haigusi kabisa kesi za umiliki wa ardhi.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kwamba watu wa Embu wanajua korti inafanya kazi. Mei 2024 kaunti za Pwani, Mombasa na Kilifi zikiwemo, zilipopiga marufuku muguka, majani ya kutafuna, je, wakulima wake wa Mbeere walikunja mikono wakasubiri malipo ya mbinguni? Walikimbilia Mahakama Kuu hapa hapa Embu, na kabla mwezi haujaisha jaji alikuwa amesimamisha marufuku hiyo. Hakuna mhubiri aliyesema pesa ya muguka iliyookolewa na jaji ina laana. Sadaka yake ilipokelewa. Kumbe korti ni takatifu magunia yakiwa mengi, na ni dhambi mwanamke mmoja akidai elfu kumi na nane?

Wengine watanituma Nchiru, kwa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru. Nawaheshimu wazee wale, na Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inatambua usuluhishi wa kimila. Ila mzee humsuluhisha anayeogopa kiapo chake. Mwenye nyumba anayeishi Nairobi, akipokea kodi kwa simu, haogopi kiapo cha Nchiru wala mkutano wa chifu. Ataogopa hukumu inayoweza kumletea dalali wa mahakama mlangoni.

Serikali nayo isijifiche. Januari 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za namna hii Nairobi, Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii iliwataka wenye nyumba wajisajili. Ni wangapi kati ya wanaopangisha Makutano, Timau na Chogoria wana cheti ukutani? Mama anayeuza ndizi kando ya barabara huulizwa leseni kila asubuhi. Mwenye nyumba ya vyumba vinne anayelaza wageni bila hata kujulikana jina haulizwi na mtu.

Kila anayesema "ni pesa kidogo, wacha iende" anamlipa tapeli mshahara. Biashara yake imejengwa juu ya hesabu hiyo: dipoziti iwe ndogo kiasi cha wewe kuona aibu kuidai, na wageni wawe wengi. Tangazo la nyumba ile bado lipo, picha zile zile, kochi la kijani na pazia la maua, na bei imepanda.

Dai la mpwa wangu tumeshaliandika, ukurasa mmoja na nusu. Tumeambatisha ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo yote ya WhatsApp na picha ya geti aliyoipiga usiku ule. Anadai shilingi 18,000 zake, na juu yake gharama ya vyumba vya gesti tulivyotafuta saa nne usiku. Imebaki kulipa ada na kuwasilisha, naye ameshaniambia hatangoja Jumapili nyingine.