Mastaa Wanasingizia Virusi, Kumbe Fundi Ndiye Kafuta Kila Kitu

Yupo mpiga video wa harusi jijini Dar, jina lake libaki kapuni, ambaye wiki kadhaa sasa hapokei simu za maharusi wake wa Mbezi. Meseji zinasomwa, majibu hakuna. Mtandaoni ameshaitwa tapeli, eti kala hela za watu kaingia mitini. Ukweli ni kwamba hakukimbia na hela ya mtu. Kompyuta yake ilikuwa nzito, inaganda kila akifungua Premiere, akaipeleka kwa fundi. Fundi akaiangalia dakika mbili tu: "Kaka, hii ya kupiga Windows. Pitia jioni." Jamaa akauliza kuhusu kazi zake. "Usijali bro, vitu vya D vipo."

Na kweli, vya D vilikuwepo. Shida ni kwamba harusi nzima, kuanzia bibi harusi yuko saluni hadi keki inakatwa, ilikuwa Desktop. Kadi za kamera nazo zilishafutwa na kupigia harusi nyingine mbili.

Watu wengi mjini, mastaa kwa wasio mastaa, wanadhani Desktop ni mahali panapojitegemea, kama meza ya sebuleni. Hapana. Desktop, Documents, Pictures na Downloads ni folda zilizo ndani ya folda ya Users kwenye C, labda mwenye mashine awe amezihamisha mwenyewe. C ikifutwa, zinaondoka nayo. Fundi anayesema "vya D vipo" hadanganyi, ila anajibu swali ambalo mteja hakuliuliza.

Kupiga Windows kumegeuka Panadol ya mjini. Mashine nzito? Piga Windows. Haishiki Wi-Fi? Piga Windows. Na mteja anaridhika kwa sababu siku ya kwanza mashine inakimbia kweli. Inakimbia kwa sababu haina kitu! Akirudisha programu zake zote na kila moja ikaanza kujiwasha yenyewe asubuhi, baada ya miezi miwili anarudi kwa fundi yuleyule, ugonjwa uleule, na bei ileile.

Kabla ya kufuta chochote, mashine yenyewe iko tayari kusema inaumwa nini. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, inafunguka Task Manager, na pale zinaonekana safu za CPU, Memory na Disk. Kama Disk imeganda kwenye asilimia 100 dakika nyingi wakati hakuna kazi yoyote inayoendelea, mara nyingi mgonjwa ni diski yenyewe, hasa kwenye mashine za mtumba ambazo bado zina ile diski ya zamani yenye sahani inayozunguka. Diski ya namna hiyo inasoma kama megabaiti 100 hivi kwa sekunde ikiwa na afya, na kwenye mafaili madogo madogo inachechemea zaidi. SSD ya kawaida ya SATA inafika karibu 500. Hakuna Windows mpya itakayoziba pengo hilo. Hela ya kupigiwa Windows mara tatu nne ingeshachangia SSD ya kueleweka.

Kama ni Memory ndiyo imejaa, basi ni RAM ya GB 4 inabebeshwa Chrome yenye kurasa ishirini, WhatsApp na Spotify kwa wakati mmoja. Hapo hapo kwenye Task Manager kuna sehemu ya Startup, inayoonyesha programu zinazojiwasha bila kuombwa. Kuzizima pale hakuzifuti, zitafunguka siku zikihitajika. Ni kazi ya dakika tano na haigusi hata picha moja.

Sasa kuna hili la C kuwa nyekundu. Dada mmoja wa vichekesho, mwenye wafuasi wa kumtosha kabisa, alikosa nafasi akaanza kufuta klipu zake za mwanzo, zile ambazo hajawahi kuzirusha. Alifuta asili ya kazi yake akaacha takataka. Kwa sababu Premiere ina tabia ya kujitengenezea mafaili yake ya muda, Media Cache, ambayo kwa mtu anayehariri kila siku yanaweza kufika gigabaiti kwa makumi. Hayo yanafutwa humo humo ndani ya Premiere, kwenye Preferences, na yatajitengeneza upya mradi ukifunguliwa. Klipu iliyofutwa haijitengenezi.

Na hesabu ya nani kala nafasi haihitaji ramli. Kwenye Settings, ndani ya System, kuna Storage, na pale kila kundi linaonyesha uzito wake. Mafaili ya Temporary yanafutika bila majuto, mradi mtu asome orodha kabla ya kutiki kila kisanduku, kwa sababu Downloads nayo huwa imo kwenye orodha hiyo. Kwa wengi Downloads ndiyo kabati la nyumba: mikataba, vyeti, picha alizotumiwa na mteja, vyote vimo. Mwaka 2018 Microsoft iliiweka Downloads hata ndani ya Disk Cleanup ya zamani, ambayo watu walishazoea kutiki yote na kubonyeza OK, na baadaye ikaiondoa.

Windows.old, ile folda kubwa inayobaki baada ya toleo jipya kuingia, inaondolewa kupitia hapo hapo Storage, ila ikishaondoka hakuna kurudi toleo la nyuma. Folda ya WinSxS iachwe ilivyo. Ukubwa wake unatisha, lakini mafaili mengi humo yanahesabiwa mara mbili, na kuing'oa kwa mkono ni kuua Windows.

Halafu zile programu za kusafisha zinazojitangaza kwamba zitafanya kompyuta iruke kama mpya. Mwaka 2017 wadukuzi walipenyeza programu haribifu ndani ya toleo halali la CCleaner, lililopakuliwa kutoka kwa wenyewe, na zaidi ya watu milioni 2 wakaliweka. Hiyo ni programu iliyokuwa na jina. Sasa ile isiyojulikana imetoka wapi, aliyoikuta jamaa kwenye tangazo saa nane usiku?

Suala la nakala ndilo linalochekesha. Prodyuza mmoja wa Sinza huwa anajisifu ana bekapu ya kila wimbo. Anachofanya ni kukata mafaili kwenye kompyuta na kuyabandika kwenye diski ya nje, basi. Hiyo siyo bekapu, mzigo umehama nyumba tu, na diski hiyo ikidondoka studio nzima imedondoka. Nakala ni pale kitu kinapokuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Mtu anakili, anafungua mafaili matatu manne upande wa pili kuona kama yanacheza, ndipo anafuta ya kwanza, na hata hapo awe na diski nyingine yenye kitu hichohicho. Kuweka mtandaoni ni kuzuri, ila anayemshauri mpiga video apandishe GB 200 kwa bando la wiki hajawahi kununua bando kwa hela yake.

Na kama mambo yameshaharibika? Kwenye diski ya kuzunguka, faili lililofutwa linaweza kuokolewa mradi halijaandikiwa kitu juu yake, kwa hiyo mashine inazimwa palepale, haiongezewi hata wimbo mmoja. Kwenye SSD matumaini ni madogo zaidi, maana ina utaratibu wa kusafisha vyumba vilivyoachwa wazi, mara nyingi ndani ya muda mfupi. Yule mpiga video aliendelea kuitumia mashine wiki mbili kabla hajatafuta msaada.

Tangu Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mafundi wamepata kisingizio kipya, na Windows 11 inasukumwa kwenye mashine za GB 4 zenye diski za kuzunguka. Zitakuwa nzito kuliko zilivyoingia. Fundi anayejua kazi anamkalisha mwenye mashine pembeni, anafungua Users mbele yake, anauliza "dada, hii unaitaka?" folda kwa folda, ndipo anataja bei. Wapo. Bei yao iko juu kidogo.