Kichocho huingilia kwenye ngozi

Makala yenu kuhusu kichocho imeeleza dawa vizuri, lakini imeruka jambo ambalo darubini inalionyesha wazi: lava wa kichocho ameumbwa kwa ajili ya ngozi. Hafiki hata milimita moja, na mkia wake umegawanyika pacha mwishoni. Mwili umejaa vijimiba vilivyoelekea nyuma, vinavyomshikilia asirudi akishaanza kupenya, na baina yake vipo vinundu vya kuhisia, vingine vyenye kinyweleo. Juu ya yote amevikwa utando wa sukari unaomkinga katika maji baridi. Akiifikia ngozi huuacha mkia, humwaga vimeng'enya, na baada ya dakika chache yumo ndani, utando ule ameshauvua. Kwa hiyo mtu wa Mpale au Handeni anayechemsha maji ya kunywa, kisha akasimama lamboni kufua, bado hajajikinga. Mtu atasema dawa ya prazikwanteli ipo na watoto hugawiwa shuleni. Ipo, na inywewe. Ila inaua minyoo iliyokomaa, haimzuii lava wa kesho. Maji yaliyotekwa bila konokono, ambamo lava hutoka, yakitulia siku mbili, lava waliomo huwa wamekufa. Hayo ndiyo ya kuogeshea watoto.