Gesi ya baharini: Wavuvi wasiachiwe mzigo wa hasara

KILA meli ya kuchimba visima inapotia nanga katika pwani yetu, mbiu hupigwa kwamba utajiri umebisha hodi. Historia haiungi mkono mbiu hiyo.

Mwaka 2007 kampuni ya Woodside ya Australia ilichimba kisima cha Pomboo katika bahari ya Lamu, kikawa kitupu. Mnamo 2012 Apache ya Marekani ilipata gesi katika kisima cha Mbawa, lakini haikutosha kuuzwa. Eni ya Italia ilianza kuchimba kisima cha Mlima mwishoni mwa 2021, nayo ikaambulia patupu.

Watetezi wa uchimbaji husema hasara hiyo ni ya kampuni, si ya mlipa ushuru. Hiyo ni nusu ya ukweli. Chini ya mikataba ya kugawana mazao, gesi ikipatikana kampuni hurudishiwa gharama zake kwanza. Serikali isipozikagua gharama hizo kwa makini, fungu lake litachelewa kwa miaka mingi.

Hatari kubwa zaidi ni kula mapato kabla hayajaingia. Msumbiji, ambako gesi tele iligunduliwa katika bonde la Rovuma mwaka 2010, ilidhamini mikopo ya takriban dola bilioni 2 kati ya 2013 na 2014, mingi yake bila bunge kuarifiwa. Siri ilipofichuka 2016, Shirika la Fedha Duniani (IMF) lilisitisha msaada na sarafu ikaporomoka. Kisha wapiganaji walivamia mji wa Palma Machi 2021, na mradi wa TotalEnergies wa dola bilioni 20 ukasimama kwa zaidi ya miaka minne.

Kuhusu mazingira, tunaambiwa gesi ni safi kuliko mafuta. Lakini mchimbaji hajui atakutana na nini chini ya bahari hadi atoboe. Mafuta yakivuja wakati wa kusi, upepo na mkondo vitayasukuma kaskazini, kuelekea mikoko ya Lamu na hifadhi ya Kiunga, ambako samaki huzaliana na kasa hutaga mayai.

Sheria ya Petroli ya 2019 inazitengea kaunti asilimia 20 ya mapato ya serikali, na jamii asilimia 5. Hata hivyo, asilimia 5 ya kisima kitupu ni sufuri, ilhali hasara ya mvuvi aliyezuiwa kutega nyavu zake si sufuri. Ujenzi wa bandari ya Lamu ulitufunza hayo: wavuvi wapatao 4,600 walilazimika kwenda mahakamani kabla ya kuamuliwa, mwaka 2018, kwamba walipwe Sh1.76 bilioni.

Basi kabla ya kisima kingine kutobolewa, mkataba uchapishwe, wavuvi wahesabiwe, na kampuni iweke dhamana ya fidia na ya usafishaji. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Uvuvi ndio mbachao wa Lamu.