Ziwa Kivu: mzamiaji ashuke peke yake ao wawili? Swali la kweli ni nani anabakia juu

Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua Merdi ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika kwenye bandari ya Kituku, hapa Goma. Watu waliokuwa wamesimama kando ya ziwa waliiona kwa macho yao ikilala upande mmoja, kisha ikazama. Ilikuwa inatoka Minova, Kivu ya Kusini. Wakati ule barabara ya kupitia Sake ilikuwa imekatwa na vita, na wachuuzi na mizigo yao walikuwa wanapitia maji tu. Siku hiyohiyo gavana wa Kivu ya Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema mashua ilibeba watu 278 na kwamba 78 wamekufa. Lakini miili iliyotolewa katika siku za kwanza ilikuwa michache kuliko hesabu hiyo. Jamaa za wale waliokosekana wakabaki wanakaa kule kando ya maji, na ulizo lao lilikuwa moja: nani atashuka chini kuwatafuta?

Ku Kivu, jibu la kawaida ni vijana wanaojua maji. Wanavua shati, wanavuta pumzi, wanazama. Hakuna chupa ya hewa, hakuna miwani ya kuzamia, mara nyingi hakuna hata kamba. Kila mmoja anashuka kwa ujasiri wake. Kwa hiyo ubishi ambao wazamiaji wa dunia wanao tangu miaka mingi, kwamba mtu azamie peke yake ao pamoja na mwenzake, unatuhusu sisi pia.

Kanuni ya zamani ni wawili. Shule nyingi za kuzamia kwa chupa zinafundisha hivyo tangu siku ya kwanza: mnashuka pamoja, mnapanda pamoja. Sababu yake inaeleweka. Chupa ya hewa inaweza kuisha ao mdomo wake kuharibika, na mwenzako anabeba mdomo wa pili ulioungwa kwenye chupa yake ili mpumue wote wawili mkipanda. Tena kuna ile hali inayowapata wazamiaji wakifika kwenye mita 30 na zaidi. Hewa ya naitrojeni inalevya kama pombe. Mtu anacheka ovyo, anasahau kuangalia saa, anaona kila kitu kiko sawasawa. Aliyelewa hajui kama amelewa. Mwenzake ndiye anayeona.

Hata hivyo kuna waliokataa kanuni hiyo, na hawakuwa wajinga. Mwaka 1999 shirika la SDI lilianza kufundisha watu kuzamia peke yao, na mwaka 2011 PADI, lililo kubwa kuliko yote, likatoa mafunzo yanayofanana na hayo. Wanadai mtu awe ameshazamia mara 100 kwanza, na abebe chupa ya pili ndogo iliyojitenga kabisa na ile kubwa. Wanasema mwenzako unayepewa asubuhi kwenye mashua, usiyemjua, asiyejua kazi, si msaada. Ukipatwa na shida atakuwa mita 15 nyuma yako anaangalia samaki. Mbaya zaidi, yeye mwenyewe anaweza kushikwa na woga akakunyang'anya hewa.

Ukweli ni kwamba kuwa wawili hakumlindi mtu kila mara. Mwezi wa Julai 2018, wakati watoto 12 na kocha wao walikuwa wamefungiwa na maji ndani ya pango la Tham Luang, Thailand, Saman Kunan, aliyekuwa mzamiaji wa jeshi la maji, alikufa akirudi kutoka kupeleka chupa za hewa. Alikuwa na mwenzake pembeni. Mwenzake alijaribu kumrudishia pumzi, haikuwezekana.

Lakini ubishi huu wote ni wa watu wanaozamia kwa starehe ndani ya maji meupe. Kazi ya kutafuta watu waliozama ni nyingine. Maji yamejaa matope, mafuta ya mashine, magunia, kamba na vitambaa vinavyoelea. Mzamiaji hauoni hata mkono wake. Ukiweka wawili pale, hawaonani, na kamba zao zinafungana. Ndiyo maana vikosi vingi vya uokoaji vinashusha mmoja tu. Amefungwa kamba, na ncha ya kamba iko mikononi mwa mtu aliye juu, ambaye hana kazi nyingine yoyote. Pembeni kuna mzamiaji wa pili, amevaa tayari, chupa iko mgongoni, anangoja. Akiitwa, anafuata kamba mpaka kwa mwenzake. Anayeonekana yuko peke yake chini ya maji ana watu wawili ao watatu nyuma yake.

Mwezi wa Mei 2013 mashua Jascon-4 ilizama kwenye pwani ya Nigeria. Mpishi wake, Harrison Okene, alikaa siku karibu tatu ndani ya chumba chenye hewa kidogo, kwenye kina cha mita 30 hivi. Wazamiaji waliomkuta walikuwa wameshuka kutafuta maiti tu. Mkono ulipomgusa mzamiaji, msimamizi aliyekuwa juu kwenye meli alikuwa anaona picha na kuongea naye kwa waya, na ndiye aliyemwongoza hatua kwa hatua. Ku Ziwa Viktoria, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018 na zaidi ya watu 220 wakafa. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa injinia akiwa hai. Kule Mombasa, gari iliyoanguka kutoka kivuko cha Likoni tarehe 29 Septemba 2019 ilitolewa tarehe 11 Oktoba tu. Ilikuwa mita 58 chini, na nchi yenye jeshi la maji na wazamiaji wa kulipwa ilichukua siku karibu kumi na tatu. Wenye kuwacheka vijana wa Kituku wakumbuke hilo.

Kivu lina mambo yake. Uso wa ziwa uko kwenye mita karibu 1.460 juu ya bahari, na kina chake kinapita mita 470. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo hesabu za kupanda zilizotengenezwa kwa bahari hazifai vilevile zilivyo. Mzamiaji wa chupa anayezifuata bila kuzirekebisha anaweza kupata mapovu ndani ya damu na kupooza. Gesi ya metane na ile ya kaboni ambayo watu wanaogopa iko nyingi chini sana, kwenye vilindi ambavyo hakuna mzamiaji wa hapa atakayefika. Hatari ya gesi iliyo karibu nasi ni mazuku, ile inayokaa kwenye mabonde kando ya ziwa. Na pale wakaaji wa Goma na Sake wanajua jambo moja: anayekimbia kumuinua aliyeanguka, naye anaanguka. Wawili wanakuwa maiti mbili. Msaidizi anafaa akiwa amesimama penye hewa nzuri, si akiwa ameinama palepale alipo mwenzake.

Chini ya maji ni hivyohivyo, hasa kwa wanaozamia kwa pumzi ya kifua. Vijana wawili wakiruka pamoja, wanasema wako wawili. Hapana. Kila mmoja yuko peke yake, kwa sababu hakuna anayemuangalia mwingine. Wanaofanya mchezo huo kwa ufundi wanafuata utaratibu mwingine: mmoja chini, mmoja juu, kisha wanabadilishana. Wengi wanazimia wakiwa wanakaribia uso wa maji, ao wakiwa wameshatoka na kuvuta pumzi ya kwanza. Akiwepo mtu wa kumshika kichwa kisirudi majini, mara nyingi anaamka baada ya muda mfupi. Asipokuwepo, anazama kimya. Na ile tabia ya kupumua haraka haraka mara nyingi kabla ya kuruka, ambayo watu wanafikiri inaongeza hewa, haiongezi. Inazuia tu mwili kutoa alama ya kwamba hewa imeisha.

Ufundi huu haudai dola nyingi. Kamba wavuvi wa sambaza wanayo. Kinachokosekana ni mapatano: kuvuta mara moja maana yake nini, mara tatu maana yake nini, na nani ana haki ya kusema leo hatushuki, mawimbi ni makali. Chupa, mashine ya kuzijaza na mafunzo ya kweli ni mambo ya serikali, ao ya yeyote anayeshika madaraka kandokando ya ziwa. Kila mashua inayofunga Kituku, Minova, Kalehe ao Bukavu inalipa kodi, na msafiri naye analipa. Mashirika ya raia yana haki ya kuuliza sehemu gani ya pesa ile inarudi majini.

Kwa sasa, mashua ikipinduka, watakaoruka wa kwanza ni walewale. Wakuu wa bandari wangeweza kuandika majina yao wiki hii, na mbele ya kila jina waandike jina la atakayeshika kamba.